Rete Mguu

Farasi wangu ni jike wa rangi ya kahawia. Nilimnunua kutoka shamba moja karibu na Endebess, mwenye shamba alipoamua kulima mahindi tu. Nilikuwa na miaka arobaini na saba, fundi wa pampu za maji mjini Kitale, na sikuwa nimewahi kupanda farasi. Nilijifunza jinsi nilivyojifunza pampu: kwa kitabu kimoja, daftari moja na kuanguka mara kadhaa. Baada ya miezi mitatu niliweza kumtandika bila kukitazama kitabu, na Jumapili asubuhi tulipita barabara ya vumbi ya murram katikati ya mahindi, vijana wa bodaboda wakinipigia kelele, "Niaje mzee! Hiyo inakunywa petroli ama dizeli?"

Jambo moja lilinishinda. Hakunipa mguu.

Kwato za farasi husafishwa kila siku. Unainua mguu, unauegemeza kwenye paja lako na kuchokoa matope na vijiwe kwa kijichuma kilichopinda. Mvua zilipoanza nilisikia harufu ya uozo bandani, nikajua inatoka chini ya kwato za mbele. Nilifanya kama kitabu kilivyoagiza: nikasimama begani pake, nikateremsha mkono taratibu hadi chini, nikasema kwa upole, "Lete mguu." Alisimama kama nguzo ya stima. Nilipovuta, alinibana ukutani.

Fundi wa kwato kutoka Moi's Bridge naye alijaribu, akaishia chini pamoja na kofia yake.

"Mzee, mimi niko na watoto," alisema akijipangusa suruali. "Hiyo kwato ikioza zaidi, farasi itaanza kuchechemea, na ikichechemea hutaipanda tena. Nitarudi Jumamosi. Lakini kama haitoi mguu, mimi siikaribii, bana."

Hiyo ilikuwa Jumatano. Kesho yake asubuhi, nikiwa bandani, nilimpigia simu mzee aliyemtunza farasi huyu kule shambani tangu azaliwe. Alikuwa amestaafu, amerudi kwao Kabuchai, Bungoma, ambako ndiko kwetu pia.

"Kijana wangu! Farasi yangu inakura?"

"Anakula vizuri, mzee. Lakini hanipi mguu."

"Unaiambia nini?"

"Namwambia lete mguu."

"Ndio hivyo. Rete mguu. Hakuna ingine."

"Ndivyo ninavyosema, mzee. Lete."

"Si ndio hiyo, rete? Sasa shida iko wapi?"

Nilifikiri labda farasi anaikosa sauti ya mtu aliyemzoea. Niliiwasha spika, nikaisogeza simu karibu na sikio lake, nikamwomba mzee amwambie mwenyewe.

"Mama," mzee akasema, "rete mguu."

Mguu wa mbele wa kushoto ukapanda wenyewe, ukabaki hewani ukingoja mkono wangu.

"Imerete?" mzee akauliza.

"Ameleta," nikasema.

Nilipokuja Kitale nikiwa kijana, na ulimi wa kwetu usiotofautisha l na r, niliingia hotelini nikamwambia mhudumu, "Nimekuja kura." Akaniuliza ninagombea kiti gani, na meza zote zikacheka. Siku hiyohiyo nilinunua kamusi, na kila asubuhi nikinyoa ndevu nilitamka mbele ya kioo: kula, kura, lia, ria. Ilinichukua miaka miwili. Baadaye hata nilipokwenda nyumbani sikuuacha ulimi uteleze, na mama akasema naongea kama redio.

Nilitaka kuwa na hakika. Nilikata simu, nikasimama mahali palepale.

"Lete mguu." Hakuna.

"Lete mguu, mama." Sikio moja liligeuka, basi.

Nikaangalia mlangoni. Hapakuwa na mtu.

"Rete mguu."

Akaleta. Nikahamia upande wa pili, nikasema tena, akaleta na huo. Nikachokoa uchafu mweusi, nikaosha kwa maji ya chumvi, nikakausha kwa kitambaa. Kisha nikaandika maneno hayo mawili katika daftari, kama yanavyotamkwa.

Jumamosi fundi alikuja na kisu na tupa yake. Nilishika hatamu, nikasema kwa sauti, mbele yake, "Rete mguu."

Fundi aliinua kichwa. "Kumbe wewe ni mtu wa Bungoma?"

"Wa Kabuchai."

"Na vile huongea, mimi nilidhani ulitoka Mombasa."

Alimaliza miguu yote minne. Chini ya uozo palikuwa na nyama safi. Aliniambia nimpumzishe wiki mbili, niendelee na chumvi, nisiache banda liloe.

Jumapili ya tatu tulirudi barabarani. Alikanyaga kokoto bila kusita, na nilipofika nyumbani nilimpigia mzee simu kabla hata ya kumvua farasi tandiko.

"Imepona?"

"Amepona, mzee. Anakura vizuri."

Nilijisikia nikisema "anakura", wala sikujisahihisha. Mzee hakusikia tofauti yoyote.