Nyumba ya kaburu tuliyogawana jiwe kwa jiwe kule Chepsaita

Wakuu, poleni na shughuli za wiki. Naona humu watu wanabishana kuhusu majengo ya zamani ya Eldoret, yapi yabomolewe na yapi yaachwe. Mimi nimepita miaka sabini na typing yangu ni ya kidole kimoja, mnivumilie. Hii ni ukweli mtupu, na mahali pengine inanipaka matope mimi mwenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini tulikuwa tunanunua mashamba. Makaburu, wale walowezi wazungu, wengi walikuwa washaenda zao. Watu walichanga, wakaunda kampuni ya kununua ardhi, kila mtu na share yake. Baba yangu alikuwa member kwenye shamba moja karibu na Chepsaita.

Katikati ya hilo shamba kulikuwa na nyumba.

Hiyo haikuwa nyumba ya kuchezea. Kuta za mawe ya kuchonga, sakafu ya mbao za tarakwa, veranda ndefu, chimney mbili. Juu ya kila dirisha kulikuwa na upinde wa mawe uliojishikilia wenyewe, bila chuma ndani. Nyinyi mnaojenga Elgon View na ramani za internet, leteni fundi wa kutengeneza upinde kama huo nione!

Na aliyezitengeneza hizo pinde ni baba yangu. Alitoka Central akiwa kijana, kaburu akamwajiri kuchonga mawe. Miaka miwili na nusu alipiga patasi hapo. Nyumba ilipoisha hakuruhusiwa hata siku moja kuingia kwa mlango wa mbele. Wafanyakazi walipitia jikoni.

Siku ya kugawa plots ikafika. Namba ziliandikwa kwenye vikaratasi, zikatiwa kwenye kofia, kila member akaokota yake. Tuliogopa upendeleo mpaka chairman naye alifungwa macho kwa leso kabla ya kuokota.

Baba akaokota. Surveyor akaangalia ramani. Nyumba iko kwenye plot yake.

Aisee, kelele! "Mzee aliijua hiyo karatasi!" "Sisi tulale kwa nyasi, yeye alale kwa kaburu?" Mama mmoja, jirani tuliyekula naye kila wiki, akasema, "Tumetoa kaburu mweupe, sasa tunaweka mweusi." Maneno hayo yaliniingia vibaya sana.

Baba akasimama. "Nipeni dakika moja tu nimalize neno langu."

Hakupewa. Mtu akapendekeza nyumba ivunjwe, kila member achukue sehemu sawa ya mawe, mabati na mbao. Kwa kweli tuliamini hiyo ndiyo haki. Chairman akasema wanaokubali wainue mikono, hata vijana wa members waliokuwepo.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Niliona aibu. Nilitaka watu wajue kwetu hatuna ulafi, nikainua mkono baba akiwa bado amesimama.

Kubomoa kulichukua wiki nzima. Siku ya kwanza watu walivamia na mitaimbo wakapasua mawe mazuri, ndipo wakamwomba baba asimamie. Alikubali. Upinde wa sitting room hakumruhusu mtu auguse. Aliweka mbao chini yake, akagonga jiwe la katikati polepole, akalipokea kwa mikono yake. Mimi nilikuwa nimeshika ngazi.

Tukagawana. Jamaa mmoja alipata mlango wa mbele, ukakataa kuingia kwa nyumba yake ya udongo, akaufanya meza. Tarakwa nyingi ziliishia jikoni kama kuni. Mawe mengine yalitumika kujenga vyoo.

Mwaka uliofuata watoto wakawa wengi, na shule ilikuwa mbali, ng'ambo ya mto. Mkutano ukaitwa. Nani atatoa kiwanja? Wale waliopiga kelele wote walikuwa wanaangalia viatu vyao.

Baba akatoa. Pale pale nyumba ilipokuwa.

Msingi ulikuwa bado upo. Tukasimamisha darasa la udongo juu yake, na yeye, fundi wa mawe mzima, akawa anakandika ukuta kwa matope. Nilimtazama nikashindwa kuvumilia.

"Baba, siku ile ya kura ulitaka kusema nini?"

"Kwamba nyumba iwe shule."

"Mbona hukuniambia mapema, hata tukiwa nyumbani?"

"Ningejuaje itaniangukia mimi? Ndiyo nilitaka kusema pale pale." Akachota matope mengine. "Lakini wewe ulikuwa umeshainua mkono."

Nililia, wakuu, siwafichi. Yeye aliendelea kukandika.

Nilichojifunza ni kwamba jengo la kaburu lilikuwa na jasho la watu wetu, na sisi tuliona kaburu peke yake. Mkitaka kubomoa la zamani hapo town, tafuteni kwanza nani alichonga hayo mawe, au watoto wake, muwasikilize mpaka mwisho.

Wenye kumbukumbu za nyumba kama hizi, iwe Turbo, iwe Kimumu, wekeni hapa. Mwenye kutaka kunitukana pia anakaribishwa.

Baba amelala kaburini miaka mingi sasa. Tulijenga naye lile darasa mpaka likaisha, na sikumwambia nisamehe.