Vyungu Kumi na Kimoja

Usimwambie Naswa kwamba kufinyanga kunatuliza roho. Mama mmoja wa kanisani alimwambia hivyo, tena akitabasamu, na Naswa akamjibu pale pale mbele ya mchungaji kwamba tangu ashike udongo hajawahi kukasirika namna hiyo maishani, na ndoa yake ina miaka kumi na tisa!

Zamani alikuwa anakaanga mgongo wazi pale Obunga, ile mifupa ya samaki aina ya mbuta inayobaki viwandani nyama ikishatolewa. Kazi ya moshi na mafuta kurukia mikono, lakini aliijua. Ukiweka mfupa kwenye mafuta unakaangika, basi, hakuna maneno mengi. Halafu mume wake, Oketch, akamwita nyumbani kwao, ng'ambo ya Otonglo, kwamba mama mkwe anamtaka.

Mama mkwe ni Mama Aloo, mfinyanzi wa mwisho katika boma lile. Kwao ufinyanzi hafundishwi binti, maana binti ataolewa aupeleke kwa watu. Anafundishwa mke wa mwana. Na mke wa mwana alikuwa mmoja tu, kwa sababu Frankline, mdogo wake Oketch, ana miaka arobaini na bado anachagua.

Huyo Frankline anakaa Nyamasaria, na ndiye aliyeleta balaa. Alikuwa amepata watu wa matofali wanaolitaka shimo la udongo la mama yake, lile lililo chini karibu na kijito. Mama Aloo akawaambia wanawe: ngojeni mpaka Agosti. Nyar Bungoma akitengeneza chungu kinachoshika maji, shimo linabaki. Akishindwa, fanyeni mnavyotaka.

Nyar Bungoma, binti wa Bungoma, ndiye Naswa. Hakuna aliyemuuliza. Alipewa jembe.

Angerudi Obunga siku hiyo hiyo kama Frankline angenyamaza. Lakini alicheka, akasema, "Mbukusu na chungu, wapi na wapi?"

"Kwani bibi yangu alikuwa anapika pombe ya busaa kwa ndoo?" Naswa akamrudishia, na akaanza kuchimba.

Kazi ya kwanza ilikuwa kutwanga vigae vya vyungu vya zamani na kuuchanganya unga wake na udongo. Naswa akautazama ule unga. Umejaa chengachenga, unakwaruza vidole. Sasa, mwanamke aliyelelewa na unga wa posho anafanya nini akiona chenga? Alikwenda jikoni, akachukua chekeche, akachekecha, akamwaga zile chenga nyuma ya choo. Udongo ukatoka laini, mtamu kushika. Akaukunja kamba kamba, akazipandisha moja juu ya nyingine huku akizunguka chungu kinyumenyume, kiuno kikimuuma, akalainisha kwa kipande cha kibuyu. Kikatoka chungu cha kupendeza kabisa. Mama Aloo alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, anatazama.

Chungu kilipasuka motoni kama tairi la lori. Cha pili vilevile. Cha tatu kilipopasuka ndipo mama yule akafungua mdomo.

"Umetoa mifupa ya chungu," akasema. "Wewe uliuza mifupa miaka yote hiyo, halafu hii yangu ukaitupa?"

"Ulikuwa unaniona, Mama?"

"Nilikuona."

"Wiki sita! Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungesahau."

Yawa! Naswa alishuka mpaka kijitoni akaongea na maji peke yake, maneno ambayo mkwe hapaswi kuyasikia. Mtu anakuona unapotea njia, anakaa tu anakuangalia! Lakini kesho yake alirudi nyuma ya choo na beseni.

Baada ya hapo vyungu viliacha kupasuka, ikaanza adhabu nyingine. Kila kilichotoka kwenye majivu Mama Aloo alikigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. "Hii imekufa," anasema, kisha anampa Naswa kipande cha mti. "Vunja." Si kwamba anavunja yeye. Wewe uliyekipandisha kwa siku tatu, uliyekilinda na jua na kuku, ndiye unayekivunja, kisha unakaa chini unatwanga vigae vyake uviingize kwenye chungu kinachofuata. Naswa alivunja kumi na kimoja. Usiku aliota anaushika ule mti na kuvunja vyungu vyote vya yule mama, kimoja baada ya kingine, na aliamka amefurahi.

Jumapili ya mwisho ya Agosti vilitoka viwili: cha Naswa, tumbo limeegemea upande kidogo, na cha Mama Aloo, cha mviringo, shingo imenyooka. Frankline alifika na viatu vyake vyeupe, Oketch nyuma yake. Akakiinua cha mama yake.

"Hiki ndicho chungu," akasema. "Hicho kingine kimelewa."

Mama Aloo akamgeukia Naswa. "Nyar Bungoma, gonga yako."

Naswa akagonga. Kikalia, sauti nyembamba, ndefu. Oketch akakijaza maji, wakangoja mpaka chai ikaisha. Halikudondoka tone.

"Bahati," Frankline akasema. "Kesho Mama hayupo, nani atajua kizuri na kibaya? Huyu?"

"Gonga hii yangu," Mama Aloo akasema.

Naswa akagonga. Kilikuwa kimekufa kabisa, kama kugonga mlango wa mbao. Wiki ile alikuwa ameona mikono ya mama inavyotetemeka, akaiona ikiibandika shingo ile mara tatu, akajifanya anafukuza kuku.

"Nzuri, Mama," akasema.

"Usinidanganye mbele ya watoto wangu. Gonga tena."

Akagonga tena. Hasira zikampanda: hasira kwa Frankline na viatu vyake, hasira kwa Oketch aliyesimama tu, na zaidi ya zote kwa bibi huyu aliyejua tangu asubuhi chungu chake kimekufa na bado akamtega hivi.

"Imekufa," Naswa akasema.

Mama Aloo akampa mti.

Miezi mitano aliutamani mti ule kwa kazi hii hii. Alipiga mara moja. Chungu kikafunguka, na kwenye kigae kikubwa kila mtu akauona ufa mweusi umetoka shingoni mpaka tumboni. Frankline akauangalia, akaangalia mikono ya mama yake, akaenda kusimama kando ya gari lake. Watu wa matofali hakuwataja tena.

Naswa alikuwa analia, na kulia kwenyewe kulimkasirisha. Mama Aloo akapiga magoti, akaokota vigae vyake kimoja kimoja kwa ile mikono inayotetemeka, akavitia kwenye beseni, akalisukuma beseni miguuni pa mke wa mwanawe.

"Twanga," akasema. "Na usichekeche."