Jamali na toroli la kumfikisha Newala

Saa tatu asubuhi, uani mwa baa moja ya Manzese, Jamali Chitanda amelala chini kando ya toroli, shavu karibu liguse saruji. Analitikisa gurudumu la nyuma kwa vidole viwili. Linacheza kama jino la mtoto.

"Hili ndilo linataka kuninyima mke wangu," anasema, wala hatanii.

Jamali ni mbeba vyombo wa bendi ya dansi. Spika, ngoma na amplifaya hupita mikononi mwake kabla wanamuziki hawajaamka. Kesho bendi inaelekea kusini, na Newala imo kwenye ziara. Huko ndiko aliko Mwajabu, mkewe, aliyekwenda kumuuguza mama yake mwaka 1991. Mwaka wa pili sasa huu, hajarudi.

Nauli ya kumfuata haijapatikana. Mshahara unaishia kwenye kodi ya chumba na unga, na tangu disko zizagae mjini, ukumbi wao haujai kama zamani.

Kiongozi wa bendi, Venance, hakumung'unya maneno: lori halina nafasi ya kuchezea. Toroli likiwa bovu litabaki, na msukumaji wake abaki nalo. Vibarua wa huko huko watabeba.

Na aliyeliharibu ni Jamali mwenyewe. Kwa kiherehere cha safari alikaza nati mpaka gurudumu likawa linazunguka kwa kulazimishwa, akalisukuma hivyo hivyo na spika la besi juu. Tundu la katikati, linalopitisha ekseli, likalika na kupanuka. Sasa kukaza hakusaidii kitu.

"Nilitaka liwe imara mno," anasema, akicheka kwa uchungu.

Anakata ukanda wa bati kutoka kopo la maziwa, anauviringisha kwenye ekseli kuziba uwazi, anapaka grisi na kurudisha gurudumu. Anakaza nati, kisha anailegeza kidogo.

Venance anatokea na glasi ya chai iliyojaa pomoni. Anaiweka juu ya spika la besi, ambalo Jamali amekwisha kulipakia kwenye toroli. Ndiyo desturi ya bendi hii: toroli livuke kizingiti cha ukumbi bila chai kumwagika, ndipo lipande gari.

Jamali anasukuma. Kizingitini chai inapanda hadi ukingoni, inatetema, inatulia.

Venance anaichukua, anapiga funda. "Haya braza, kapakie. Na begi lako usisahau."

Jamali anakaa ukingoni mwa toroli, machozi yakimlengalenga. Anajua Mwajabu harudi naye. Mama yake Mwajabu hana mtu mwingine wa kumuuguza. Bendi nayo italala Newala usiku mmoja tu.

"Nitamwomba Venance anipe ruhusa, wimbo mmoja tu nisikae nyuma ya jukwaa kulinda vyombo," anasema. "Miaka yote hii watu wanacheza na wake zao, mie nabeba spika. Sijawahi kucheza na mke wangu."