Pazia la Wiepkje

Wiepkje Dijkema alikulia Bedum, kijiji cha kaskazini mwa Uholanzi, katika nyumba ambayo pazia halikufungwa mchana hata jua liwe kali vipi. Mama yake alikuwa akisema pazia likifungwa mchana, ndani kuna maiti au kuna aibu. Mazoea yana taabu. Miaka thelathini na minne ya kazi ya maabara mjini Groningen haikumtoa mazoea hayo.

Mimi nilifanya kazi chumba cha pili cha maabara hiyo, na kahawa ya saa nne tuliinywa pamoja. Mikono yake haikutetemeka kamwe, ndiyo maana Jelle, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, alimwachia atengeneze kanda zake: utando laini kama ngozi ya kitunguu, wenye molekuli zinazojikunja zikipigwa na mwanga. Jelle alitaka ukanda utembee wenyewe. Miaka minne ulimkatalia. Chini ya taa ulijikunja, ukabaki hivyo hivyo, mkaidi kuliko punda. Sasa ulikuwa umesalia mmoja tu, na Alhamisi hiyo ndiyo ilikuwa siku ya jaribio la mwisho. Ukiharibika, Jelle anaacha masomo, anarudi kukamua ng'ombe wa baba yake. Aliuacha mezani, pazia limefungwa, akamsihi Wiepkje asiutoe gizani mpaka yeye afike.

Wiepkje aliingia saa mbili asubuhi, akavua koti, akafungua pazia.

Nilisikia stuli ikianguka, nikakimbia. Nilimkuta ameketi sakafuni, amekuwa mweupe pe.

"Nimemmaliza yule kijana," akaniambia.

Nikatazama mezani, nywele zikanisimama. Ukanda ulikuwa ukiinua mgongo, unajivuta, unainua tena, kama kiwavi juu ya jani la kabichi. Nilirudi nyuma. Sioni haya kusema niliogopa.

Jelle akaingia na kofia ya baiskeli kichwani. Watu wa Bedum hawazungukizunguki kwa maneno.

"Nimefungua pazia, Jelle," Wiepkje alisema. "Ni mimi, si mtu mwingine."

Jelle alifungua kinywa amkaripie, kisha akauona ukanda. Baadaye alitueleza kwamba taa yake ilikuwa na rangi moja tu, ile ya kukunja. Jua linazo zote, na ile ya kukunjua imo. Lakini wakati ule hayo hatukuyajua. Wiepkje, kwa toba, alijikokota mpaka dirishani, akashika kamba afunge.

"Wiepkje, achia hiyo kamba," Jelle alisema, na machozi yalikuwa yakimtoka.