Yesi ya Mjomba Hilari

Tulikuwepo wanne uani kwetu Makote: mama yangu Agnesi, kaka yake Hilari, mzungu mgeni aliyekuwa akichagua wasichana wa kwenda shule ya bweni, na mimi niliyeogeshwa kwa ajili yake. Kwetu mjomba ndiye mwenye sauti juu ya mtoto, basi akaulizwa yeye, naye ananuka uraka, pombe ya mabibo, nzi wanamtambaa mdomoni. Kinyaa kitupu.

Mgeni hakujua Kiswahili. Alinishika kichwa, akauliza jambo kwa Kiingereza. Mimi nilisikia "mahindi."

"Mjibu olraiti, kaka," mama alinong'ona, "kama ulivyowajibu jikoni misheni."

"Olraiti ni ya mpishi, dada. Mimi hapa ni mjomba mtu." Akacheua. "Yesi, madamu! Yesi sana!"

Mbio nikaenda kumchukulia mahindi mawili yaliyotundikwa juu ya moto. Niliporudi mgeni ameshaondoka. Miaka yote nimeamini alikimbia ile harufu.

Juzi mjukuu wangu Skola alikuwa akisoma Kiingereza kwa sauti, nikalisikia tena lile neno, nikamsimulia.

"Bibi, siyo mahindi, ni maindi, yaani kuona vibaya. Aliuliza kama mjomba ataona vibaya wewe ukienda shule. Kwa olraiti ungekwenda. Kwa yesi alisema ndiyo, naona vibaya."

Nikatema mate. Mabibo hadi leo yananichefua. Kama nimekosea jina la mtu, aliye hai anisahihishe. Ile yesi aniachie, niliisikia mwenyewe.