Shamba Walilolala Ng'ombe

Zizi la Twagirayezu lilinyamaza mwaka wa 1996, vita vilipofika bondeni. Domitille, jirani yake pale Nyakabere, alikuwa amezoea kuamshwa na kengele za ng'ombe. Sasa aliamshwa na kimya. Mfugaji yule wa milimani alikuwa amekimbia na mifugo yake, akaacha ua wa miti na mavi yaliyofika magotini.

Zamani, kila baada ya mavuno, ng'ombe hao walilala katika shamba la Domitille, na Twagirayezu alikuwa na neno moja tu: "Shamba walilolala ng'ombe livikwe nguo kwanza." Nguo yenyewe ilikuwa kunde, zinazotambaa zikaufunika udongo, na ambazo haziliwi bila kupikwa. Nyanya zilingoja msimu wa pili.

Mwaka ule njaa haikungoja. Domitille alibeba samadi mbichi kutoka zizini, akaimwaga, akapanda nyanya juu yake. Ziliiva nyekundu, zikilalia matope yaliyorushwa na mvua. Majirani walizila mbichi kwa chumvi. Haikupita juma, watoto wakaanza kuharisha damu, na mjukuu wake Délice hakuweza kusimama.

"Yule mtu wa ng'ombe alituachia sumu," alisema Déogratias, mfyatua matofali. "Arudi tu, ataniona."

"Sumu gani, weye? Umekula nyanya kikapu kizima na uko unapiga kelele."

Domitille alimjibu hivyo, lakini aliogopa. Neno lile lingeaminiwa, Twagirayezu angeuawa siku atakayorudi.

Georgette, muuguzi, alimtibu Délice mpaka akaomba uji. Kisha akauliza samadi ilikaa muda gani kabla ya kupandiwa.

"Haikukaa."

"Basi ndiyo hiyo, mama. Mavi mabichi yana vijidudu vya tumbo. Vikikaa msimu chini ya majani, viumbe wengine wa udongo huvipunguza. Na penye majani mvua hairushi matope kwenye matunda."

Domitille akacheka, kwa mara ya kwanza tangu vita. "Kumbe ndiyo ile nguo."

Akawaeleza majirani kosa lilikuwa lake. Akapanda kunde shamba zima. Msimu uliofuata nyanya zilipoiva, aliziosha, akala ya kwanza mbele yao. Hakuna aliyeugua.

Déogratias alikuja taratibu, kofia mkononi. "Mama, yule mtu wako akirudi, umwambie na shamba langu liko, ng'ombe wake walale."

Vita vilipotulia Twagirayezu alirudi, na sasa anaishi Luberizi, kando ya barabara ya Bukavu. Baada ya mavuno, ng'ombe wake hulala shambani kwa Déogratias.