Sampuli Iliyoliwa Jikoni

Asubuhi ile ya baridi pale Bombambili naikumbuka vizuri, mwanangu, maana nilipiga kelele jikoni mpaka jirani akaja na panga akidhani kuna nyoka. Kaa hapo kwanza. Begi litafungwa tu, basi lenyewe ni la kesho.

Nilikuwa chuoni kama wewe. Likizo ndefu ile nilipata nafasi ya kufanya utafiti na mwalimu wetu mmoja, Daktari, aliyekuja hapa Songea kuchunguza udongo wa matofali. Siku hizi mnaita intanshipu. Sisi tulisema tunaenda field, basi. Kazi yangu ilikuwa kuchanganya udongo na majivu ya magunzi, kutengeneza vipande vyembamba kama vidole, kuvikausha, kisha kupima vimesinyaa kiasi gani. Daktari alishasema atakayefanya vizuri atarudi naye likizo inayofuata. Niliitaka nafasi ile kuliko nilivyotaka kuolewa, na wachumba walikuwepo.

Nilifikia kwa shangazi, kule Bombambili. Unamjua, ulimi wake hauna breki hadi leo. Aliponiona nimejaa matope mpaka viwikoni alisema, "Yaani kaka yangu kauza mahindi yote usome, kumbe unasomea kufinyanga?" Nikamweleza kwamba hiyo ni sayansi, tunatafuta tofali lisilopasuka. Akasema, "Haya, mwanasayansi, nawa mikono ule."

Tatizo lilikuwa baridi. Unajua Songea mwezi wa sita ilivyo, ukungu mpaka saa nne. Vipande vyangu vilikataa kukauka. Basi nikavipanga vizuri kwenye ungo, kila mchanganyiko na safu yake, nikauweka ungo jikoni, kwenye kichanja juu ya moto. Nikaenda kulala nikijiona nina akili nyingi.

Sasa, mle ndani kulikuwa na mjamzito, mke wa mmoja wa watoto wa shangazi. Ni nani, nitakwambia mwishoni, kwa kuwa ni mwepesi wa kununa. Mimba ile ilimpa hamu ya udongo, ule unaouzwa sokoni kwa mafungu, na alikuwa akiutafuta usiku na mchana. Asubuhi nilipoingia jikoni, safu moja ilikuwa imekwisha kabisa. Zile nyingine kaonja kipande kimoja kimoja tu akaziacha. Na safu iliyokwisha, mwanangu, ndiyo ile yenye majivu mengi, ile ambayo haikuwa na ufa hata mmoja. Ndipo nikapiga zile kelele.

Mwenyewe akatokea, midomo ya kijivu. "Kumbe vilikuwa vyako? Nisamehe, wifi. Vile vya pembeni vina kachumvi katamu."

Nikaanza kulia. Jirani akarudi kwake na panga lake. Shangazi akanigeukia mimi, si mkosaji. "Unamlilia nini mwenzio? Umeweka udongo kwenye ungo, ungo ukauweka jikoni. Hapa kwangu kilicho kwenye ungo jikoni ni chakula. Ungeuacha kwenye karai huko nje, nani angeula?"

Kutengeneza vingine haikuwezekana, Daktari alikuwa anaondoka kesho yake. Nikakaa na kalamu nikiwaza. Vipimo vya safu zilizobaki ninavyo, nikipunguza kidogo hapa na kuongeza kidogo pale, nani atajua? Shangazi akapita na sufuria ya maharage.

"Unaandika nini tena, si vimeliwa?"

"Nakadiria vipimo, shangazi."

"Yaani unapima kitu kilicho tumboni mwa mtu?" Akacheka mpaka akatua sufuria chini.

Mimi sikucheka, nilikuwa na hasira na dunia nzima. Lakini mkono uligoma. Mahali pa vipimo vya safu ile nikaandika neno moja tu: Imeliwa.

Kesho yake Daktari akasoma, akavua miwani, akaivaa tena. "Imeliwa? Na panya?"

"Hapana, Daktari. Na wifi."

Akautazama tena ukurasa ule. Niliiona nafasi yangu ikiondoka na basi lake. Kisha akauliza, kwa sauti ya kazini kabisa, "Alisemaje?" Nikamweleza habari za kachumvi. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, halafu akasema, "Wanafunzi wangu wote huniletea kazi zisizo na pengo hata moja, nami huwa nazitilia shaka. Hii ya kwako naiamini." Likizo iliyofuata alinichukua, kwa sharti kwamba nisikaushe kitu jikoni kwa watu.

Mjamzito yule ni mama yako. Ndiyo, nenda kamuulize, atanuna. Na aliyekuwa tumboni ni wewe. Sampuli zangu zimekaa mbele yangu hapa, zina ndevu, nazo zinakwenda kuchunguza udongo.

Basi nisikilize. Huko uendako kuna kitu kitavunjika, kitaungua au kitapotea. Usikitungie namba ili mwalimu akusifu. Andika kilichotokea, hata kama kinachekesha, hata kama kinakuaibisha. Na ukiwa ugenini uliza kwanza wenyeji wanaweka nini wapi, ndipo uweke vyako.

Mungu akutangulie, mwanangu, akupe afya, akupe na walimu wanaojua kucheka. Nenda salama, urudi salama. Na huo ungo niliouona kwenye begi lako, urudishe jikoni.